Kijibwa Atolewe Kizazi Akiwa na Umri Gani?

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Rapsu

Tunawashukuru kwa kuacha mifereji na mifugo mje tukae pamoja. Tunajua kila saa mliyo hapa kuna kitu kinawangoja nyumbani.

Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wala mahindi. Tutazungumza juu ya mbwa. Msicheke. Vikundi vitatu vimetuletea swali lile lile: mbwa jike akizaliwa bomani, je, atolewe kizazi au aachwe? Na kama ni kutolewa, awe na umri gani? Mmoja anasema mapema kabisa, akiwa bado ananyonya. Mwingine anasema angojewe azae mara moja kwanza. Wa tatu anasema hizo ni anasa za watu wa Nairobi. Basi tulichukue swali hili kwa uzito wake, kwa sababu nyuma yake kuna mambo makubwa: watoto wetu wanaoumwa, ugonjwa wa kichaa cha mbwa, na vijibwa wanaotupwa kichakani kila msimu.

MANENO TUTAKAYOTUMIA

Kwa dume tunasema kuhasi, kama tunavyomhasi fahali akawa maksai, yule Waborana wanayemwita sangaa. Daktari huondoa kende. Kwa jike tutasema kutoa kizazi. Daktari humlaza kwa dawa ya usingizi, hufungua tumbo, huondoa mifuko ya mayai, na mara nyingi huondoa na mji wa mimba, halafu hushona. Kwa hiyo kazi ya jike ni kubwa kuliko ya dume. Inahitaji mahali safi, mkono wenye ujuzi, na dawa ya usingizi.

KWANZA, KWA NINI TUSUMBUKE?

Hapa Rapsu mbwa ana kazi yake. Usiku tuko karibu na mbuga, upande mmoja Bisanadi, na ng'ambo yake Meru National Park. Fisi akisogea bomani, anayetuamsha ni nani? Nyani wakiingia shambani, anayewabwekea ni nani? Wengi wetu hapa ni Waislamu, na mbwa hukaa nje ya nyumba kwa kulinda na kuchunga. Ni sawa. Hatujaja kumwambia mtu amlete mbwa kitandani. Tunachosema ni kwamba mnyama anayetufanyia kazi tumpangie mambo yake, kama tunavyompangia mbuzi.

Sasa tupige hesabu. Mbwa jike mdogo hupata joto la kwanza akiwa na miezi 6 hivi, wengine huchelewa hadi mwaka. Mimba yake ni siku 63 hivi. Kwa kawaida mbwa hupata joto mara mbili kwa mwaka, ingawa wengine ni mara moja. Tuseme kila mara anazaa watoto 5. Hao ni 10 kwa mwaka, kutoka kwa jike mmoja. Je, boma gani linahitaji mbwa 10 wapya kila mwaka? Chakula chenyewe kiko wapi? Wawili watachukuliwa na majirani. Waliobaki wanakufa kwa njaa, au wanatupwa, au wanakuwa mbwa wa kuzurura wasio na mwenyewe. Hao wa kuzurura ndio hawafikiwi na chanjo.

Hapo ndipo linaingia jambo la kichaa cha mbwa. Hapa Kenya ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa pembeni mwa Nairobi, na mpaka leo bado tunao. Ulimwenguni unakadiriwa kuua watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kama 4 katika kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mara hufa. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Njia kuu ya mpango huo ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka hata mwaka.

Tusikilizane vizuri hapa. Kutoa kizazi hakuzuii kichaa cha mbwa. Kinachozuia ni chanjo. Lakini mkichanja mbwa 70 kati ya 100 mwezi wa kwanza, halafu kabla ya mwaka kwisha wakazaliwa wengine wengi wasio na chanjo, kazi yenu inamomonyoka kama mfereji usiofyekwa. Kupunguza uzazi kunafanya chanjo ishike. Hivyo, kama pesa ya kikundi inatosha jambo moja tu, chanjeni. Kutoa kizazi kuje baadaye. Hilo tunalisema wazi, tusije tukalaumiana.

UMRI GANI?

Turudi kwa swali lenu. Jibu fupi ni hili: kijibwa jike wa umbo dogo atolewe kizazi akiwa na miezi 5 hadi 6, kabla ya joto la kwanza. Dume wa umbo dogo anaweza kuhasiwa kuanzia miezi 6. Lakini jibu fupi bila sababu ni kama dawa bila maelezo, kwa hivyo tufuate sababu moja moja.

Sababu ya kwanza ni mimba ya mapema. Jike wa umbo dogo hukomaa upesi kuliko mkubwa. Mkingoja mwaka, mtamkuta tayari ana tumbo, naye mwenyewe ni mtoto.

Sababu ya pili ni ugonjwa wa matiti. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1969 ulionyesha kwamba jike aliyetolewa kizazi kabla ya joto la kwanza ni nadra sana kupata saratani ya matiti, na kwamba kinga hiyo hupungua kila akipita joto jingine. Tuwe wakweli: wataalamu waliopitia tafiti hizo baadaye, mwaka 2012, walisema ushahidi wenyewe si wa nguvu kama watu walivyodhani. Kwa hiyo ichukueni kama sababu ya kusaidia, lakini msiifanye sababu pekee.

Sababu ya tatu ni usaha katika mji wa mimba. Huu ni ugonjwa wa majike wenye umri ambao hawajatolewa kizazi. Jike hunywa maji sana, hukataa chakula, tumbo hujaa, na asipopata daktari haraka hufa. Huko Sweden, ambako watu wengi huwaacha majike wao na kizazi, walipopitia hesabu za bima waliona kwamba karibu robo ya majike huupata kabla ya kufika miaka 10. Jike asiye na mji wa mimba na mayai hana pa kuupatia.

Sababu ya nne mnaijua kwa macho, ingawa pengine hamjui jina lake. Ni ule uvimbe mwekundu unaotoka sehemu za siri za mbwa, unaotoa damu. Ni saratani ya ajabu, kwa sababu inaambukizwa kutoka mbwa hadi mbwa wanapopandana. Mbwa asiyepandana ana nafasi ndogo sana ya kuipata.

NA WALE WANAOSEMA MAPEMA ZAIDI?

Ni kweli kuna nchi ambako vijibwa wasio na wenyewe hutolewa kizazi wakiwa na miezi 2 tu. Wanafanya hivyo ili kijibwa asiondoke kituoni bado akiweza kuzaa. Huko wana vyumba vya joto, mizani midogo na madaktari waliozoea kazi hiyo kila siku. Mtoto mdogo wa mbwa hupoteza joto la mwili haraka akiwa usingizini, na akikaa na njaa muda mrefu sukari ya damu inashuka. Sisi hapa kazi inafanyika darasani au chini ya mti, na daktari amesafiri kwa saa nyingi. Hatuna haja ya kukimbilia miezi 2. Mwenye kijibwa tunamjua, na kijibwa yuko bomani. Tungojee akue kidogo, apate chanjo na dawa ya minyoo, ndipo tumpeleke.

NA WALE WANAOSEMA AZAE MARA MOJA KWANZA?

Hii imani iko kila mahali, hata kwa watu waliosoma. Wanasema jike akizaa mara moja anatulia na anakuwa mlinzi mzuri. Hakuna faida ya afya inayojulikana ya kumwacha azae kwanza. Faida ni kama mnataka watoto wake, basi. Na kama mnawataka, semeni hivyo wazi: tunataka watoto wawili wa kurithi kazi ya mama yao, na tunajua wale wengine watatu wanaenda kwa nani. Huo ni mpango mzuri. Mpango mbaya ni wa kungojea tu.

Tazameni tunavyofanya na mbuzi. Hatuhasi kila dume bila kuangalia. Tunatazama yupi ana mgongo mrefu, mama yake ana maziwa kiasi gani, huyo anabaki beberu wa mbegu. Wengine tunawahasi ili wanenepe. Umri tunaupanga kulingana na kazi ya mnyama. Mbwa naye afanyiwe hivyo hivyo.

UZITO NDIO UNAOAMUA

Sasa mtauliza, je, umri huu ni kwa mbwa wote? Hapana. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani, walitoa matokeo juu ya maelfu ya mbwa, wa aina moja na wa mchanganyiko. Waliona kwamba mbwa wa mchanganyiko ambao ukubwani huwa chini ya kilo 20 hawakupata shida zaidi ya viungo kwa sababu ya kuhasiwa au kutolewa kizazi mapema. Wale wa kilo 20 na zaidi, waliofanyiwa kabla ya mwaka mmoja, walipata shida za magoti na nyonga zaidi. Sababu ni kwamba homoni za uzazi ndizo zinazoambia mifupa iache kurefuka. Zikiondolewa mapema kwa mbwa mkubwa, mifupa huendelea kurefuka na viungo havikai sawa. Madaktari wa wanyama wadogo wa Marekani nao, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, waliweka mpaka wa kilo 20 hivi hivi.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Chukueni ule mzani wa kuning'iniza, mliotumia kupimia magunia. Mtieni mama wa kijibwa ndani ya gunia lililotobolewa miguu, mpime. Mama akiwa na kilo 12 au 15, watoto wake wengi hawatafika 20, labda baba awe jitu. Mbwa wetu wengi wa kienyeji ni wa umbo hilo, wembamba na wepesi. Hata wale vijibwa weupe wenye manyoya ambao vijana wanawaleta kutoka Nairobi wako kundi hilo hilo. Lakini ukiwa na yule mchanganyiko wa mbwa wa polisi, mkubwa, anayelinda duka, huyo mngojee apite mwaka. Mpaka hapo, jike afungiwe kila akipata joto. Si siku mbili tatu, ni kama wiki 3.

TUTAJUAJE UMRI?

Wengi hawaandiki siku ya kuzaliwa kwa mbwa. Basi tumieni meno, kama mnavyofanya kwa mbuzi na ng'ombe. Meno ya utoto ni membamba na makali kama sindano. Kuanzia miezi 3 au 4 yale ya mbele huanza kubadilishwa. Ukiona chonge nne za ukubwani, zile nene, zimetoka, kijibwa yuko karibu miezi 6. Mbwa wa umbo dogo wakati mwingine chonge za utoto hukataa kung'oka, zinasimama mbili mbili. Mwonyesheni daktari, maana anaweza kuzing'oa kijibwa akiwa bado usingizini, kazi ikawa moja.

Kwa dume, papaseni kende. Zote mbili ziwe zimeshuka akiwa na miezi 2 hivi. Kama ifikapo miezi 6 moja bado imejificha tumboni, huyo msimfanye wa mbegu. Kasoro hiyo hurithiwa, na kende iliyobaki ndani inaweza kugeuka saratani. Mwambieni daktari kabla hajaanza, kwa sababu kazi yake ni ndefu zaidi.

SIKU ZA KUNGOJA

Kuna nyakati ambazo hata umri ukiwa sawa tunangoja. Jike aliye kwenye joto asipelekwe, mishipa imejaa damu na anaweza kutoka damu nyingi. Ngojeni miezi 2 au 3 baada ya joto kuisha. Jike anayenyonyesha aachwe mpaka watoto waache kunyonya na maziwa yakauke. Mbwa mwenye kuharisha, homa, au aliyekonda hadi mbavu zote zinahesabika, alishwe kwanza, apone.

Na tutazame hali yetu ya hewa. Mvua za mwezi wa 3 hadi wa 5, na zile za mwezi wa 10 hadi wa 12, zinaleta matope na inzi, na barabara inaweza kumzuia daktari njiani. Januari na Februari, au Juni hadi Septemba, ni afadhali.

DUME AKIHASIWA ATALINDA?

Hili mmeliuliza sana. Dume akihasiwa huzurura kidogo, haendi kufuata majike boma la tatu, hapigani sana na madume wengine. Kubweka hakuondoki. Kulinda kunatokana na jinsi alivyolelewa, amezoea mbuzi na watu gani, na anajua mpaka wa boma lake. Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo tangu 1994, na wengi wao wamehasiwa. Hao ni mbwa wakubwa kuliko wetu, lakini kazi yao ni moja na ya mbwa wetu. Vile vile tusidanganyane: kuhasi hakumfundishi mbwa mkali adabu. Mbwa anayeuma watoto kwa sababu anapigwa mawe ataendelea kuuma. Jambo jingine: dume aliyehasiwa leo anaweza bado kupachika mimba kwa wiki chache. Mtengeni na majike.

Kama pesa ni kidogo, mwanzeni nani? Tumieni akili ya mfugaji. Beberu mmoja anatosha mbuzi wengi. Mkihasi madume 9 mkaacha 1, majike wote watazaa tu. Mkitoa kizazi majike 9, uzazi wa hao 9 umekwisha. Kwa hiyo majike kwanza.

MAMBO AMBAYO HATUTAKI KUYASIKIA

Koleo la kuhasia fahali, lile la Burdizzo, halikutengenezwa kwa mbwa. Mpira wa kuhasia mbuzi usifungwe kwa mbwa. Nyama inaoza, funza wanaingia, mnyama anakufa polepole. Kisu bila dawa ya usingizi ni mateso, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Kazi ya kupasua ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya chini ya sheria ya mwaka 2011. Mtu akija na begi akasema yeye ni daktari, mwombeni cheti. Si matusi.

Vidonge na sindano za kupanga uzazi za akina mama zisipewe mbwa. Dawa za aina hiyo zinaweza kuleta ule usaha wa mji wa mimba tuliotaja, na uvimbe wa matiti.

Na sumu. Kutega nyama yenye sumu ili kuua mbwa wa kuzurura hakujamaliza kichaa cha mbwa mahali popote. Mbwa wengine huja kujaza nafasi, tena wasio na chanjo. Sumu hiyo inaua tai, inaua mbwa wa jirani, na mtoto anaweza kuokota. Tukumbuke pia tumepakana na wanyama wa porini. Kule Serengeti, mwaka 1994, ugonjwa wa distempa unaowapata mbwa uliua kama theluthi moja ya simba. Mbwa wengi wasiotunzwa ni hatari kwa wanyama wa mbuga pia.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mtu mmoja kumleta daktari kutoka Isiolo kwa ajili ya kijibwa mmoja ni gharama kubwa mno. Gharama ya safari ni ile ile akija kwa mbwa 1 au kwa mbwa 20. Hapo ndipo kikundi kina nguvu. Tuchukue mfano tu: wanachama 25, kila mmoja atoe shilingi 100 kwa mwezi, kwa miezi 6. Hiyo ni 15,000. Nendeni na hesabu yenu kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, mwulize: chanjo ni kiasi gani, kuna siku ya chanjo ya bure, na kutoa kizazi ni ngapi kwa mbwa wengi pamoja? Msikubali bei ya mdomo. Iandikwe.

Tunajua kuna mama hapa anajiuliza: nitoe shilingi 100 kwa mbwa na karo ya mtoto haijalipwa? Swali hilo ni la haki. Hatutaki mtu amnyime mtoto kitabu kwa sababu ya mbwa. Lakini pigeni hesabu nyingine pia: mtoto akiumwa na mbwa asiyejulikana, nauli ya hospitali, sindano zaidi ya moja, na siku za kazi zilizopotea ni kiasi gani? Anayeona mchango ni mzigo, kikundi kimruhusu atoe kazi: kuandikisha mbwa, kufagia mahali, kuchota maji siku hiyo.

Katibu awe na daftari la mbwa: jina la mwenyewe, jike au dume, mwezi aliozaliwa, tarehe ya chanjo. Chanjo ya kwanza ya kichaa ni miezi 3, inarudiwa akifika mwaka, halafu kila mwaka. Kijibwa akiandikwa leo, katibu anajua mwezi wake wa kwenda kwa daktari.

Kama kuna ndugu mwenye wasiwasi wa dini juu ya kuhasi mnyama, asilazimishwe. Amwulize sheikh wake au padri wake, atuletee jibu, tuzungumze kwa heshima.

BAADA YA KAZI

Kabla ya siku yenyewe mwulizeni daktari kijibwa asile kwa saa ngapi. Mbwa mkubwa anaweza kulala na njaa, lakini kijibwa mdogo sana asikae hivyo usiku kucha. Akitoka, alazwe mahali pakavu, afunikwe, na usiku wa kwanza awe ndani ya uzio. Fisi anajua mnyama dhaifu. Kwa siku 10 hadi 14 asikimbie, asiogeshwe, asiingie mferejini. Asilambe kidonda, kateni ndoo kuukuu ya plastiki mfanye kola ya shingoni, ila ncha ziwe laini. Tazameni kidonda asubuhi na jioni kwa ajili ya inzi. Mkiona damu haikomi, ufizi umekuwa mweupe, mshono umefunguka, au siku ya pili bado hali, pigieni daktari simu siku hiyo hiyo. Baadaye punguzeni chakula kidogo, maana mbwa aliyetolewa kizazi hunenepa kwa urahisi.

Na hata kabla hamjafanya lolote kati ya haya, mtoto akiumwa au kuparuzwa na mbwa leo jioni: osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, na mwende hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Msitie majivu, msitie mafuta, msingoje kuona kama mbwa atakufa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika maboma yetu kuna mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa mwaka huu?

2. Ni majike wangapi watafika miezi 6 kabla ya mvua zijazo?

3. Ni jike gani tunataka azae, na watoto wake tayari wana wenyewe?

4. Nani anayemlisha mbwa kila siku, na je, huyo amesikilizwa katika uamuzi huu? Mara nyingi ni mama au kijana mchungaji, lakini anayeamua ni mwingine.

5. Nani ataenda ofisi ya mifugo, lini, na ataripoti siku gani?

Kila kikundi kilete majibu ya swali la kwanza na la tano katika mkutano ujao. Hayo mengine yatafuata.